Samaki wa Tanga Alinikumbusha Utupa

Mimi ni mzee wa Kitete, hapa Tabora. Kwetu hakuna bahari. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa reli ni kilometa 840 hivi. Samaki tunaowafahamu ni perege na kambare wa mito na mabwawa yetu. Tunafahamu pia dagaa na migebuka wanaotoka Kigoma. Samaki wa bahari akifika sokoni kwetu amekwisha kukauka kama ubao.

Hata hivyo, leo nataka kukueleza habari za samaki mmoja wa bahari. Tena ni samaki asiyeliwa. Huenda utasema, "Mzee, samaki wa Tanga ananihusu nini mimi mkulima wa tumbaku?" Nami zamani ningesema hivyo hivyo. Tafadhali nisikilize mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

SAFARI YA PWANI

Wazee wetu walizoea kwenda pwani. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri. Walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Baadaye Wajerumani walijenga reli, nayo ilifika Tabora mwaka 1912. Vijana wengi wa kwetu walikwenda Tanga kukata mkonge. Watu waliwaita manamba.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Aliondoka mwaka 1961. Alisema atafanya kazi mkataba mmoja tu, kisha atarudi. Hakurudi. Alioa huko huko, akajenga katika kijiji kimoja cha pwani, kati ya mji wa Tanga na Pangani. Watoto wake hawakukua na jembe. Walikua na ngalawa, mshipi na wavu.

Mwaka 2004 nilipata habari kwamba kaka anaumwa. Nilipanda gari moshi mpaka Dar es Salaam, kisha basi mpaka Tanga. Nilimkuta hai, lakini hana nguvu. Nilikaa naye siku kumi na mbili.

Asubuhi moja mwanawe alirudi kutoka baharini. Nilikwenda ufukoni kumpokea. Yeye na wenzake walikuwa wakivua kwa jarife. Jarife ni wavu mkubwa wenye macho mapana. Hutegwa usiku kwa ajili ya papa na samaki wengine wakubwa, na asubuhi huvutwa.

Siku ile hapakuwa na papa. Palikuwa na samaki mmoja mnene, mrefu karibu sawa na mtu mzima. Magamba yake yalikuwa magumu na makubwa. Rangi yake ilikuwa ya samawati iliyoiva, na mabaka meupe mwili mzima. Nilichoshangaa zaidi ni mapezi. Hayakutoka mwilini kama mapezi ya perege. Yalishikwa na vipande vya nyama, kana kwamba samaki yule alitaka kuota miguu na mikono.

Nilimwuliza kijana, "Mwanangu, huyu ni samaki gani?"

Akanijibu, "Baba mdogo, hata sisi hatukumzoea. Siku hizi anatuingilia wavuni. Nyama yake ina mafuta mengi, ukiila tumbo linakusumbua. Hana bei. Amenipasulia jarife bure. Huyu ni wa kutupwa."

Hakumtupa. Bwana samaki alikuwa amekwisha kuwaagiza wavuvi wamwarifu wakimpata samaki wa namna hiyo. Alikuja, akampima, akamtia katika barafu, akamchukua. Lakini yale maneno "huyu ni wa kutupwa" yalinichoma. Niliyasikia zamani, nami mwenyewe nilikuwa mmoja wa walioyasema.

HABARI YA UTUPA

Ndugu msomaji, sasa nitakueleza jambo ambalo sikumweleza hata mama yangu.

Mwaka 1969 nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Karibu na shamba letu palikuwa na kijito kinachoelekea mto Igombe. Wakati wa kiangazi kijito kilikauka, lakini kiliacha dimbwi moja kubwa chini ya miti. Samaki wote wa kijito walikusanyika humo kungoja mvua. Mama alitega mgono wake hapo. Hakuchukua wengi. Alichukua wa mboga ya siku ile.

Siku moja mimi na wenzangu watatu tulichuma majani ya utupa. Tuliyatwanga, tukayatia katika gunia, tukalitikisa gunia ndani ya dimbwi. Baada ya muda mfupi samaki walianza kuelea. Kambare wakubwa, perege, wote. Tulijaza vikapu vinne. Wadogo walikuwa wengi kuliko wakubwa. Walielea kama majani makavu. Mwenzetu mmoja aliuliza, "Na hawa wadogo?" Nikamjibu, "Hao ni wa kutupwa."

Usiku ule tulikula tukashiba. Baba aliuliza, "Mmebakiza nini?" Tulicheka.

Miaka iliyofuata mvua zilikuwa haba. Kijito hakikujaa mpaka kikaungana na mto, kwa hiyo samaki wapya hawakuingia. Kisha ikaja njaa ya mwaka 1974. Mama alichukua mgono wake, akaenda kwenye dimbwi. Alirudi na mgono mtupu. Alikwenda tena kesho yake na kesho kutwa. Alisema, "Labda samaki nao wamekufa kwa ukame." Mimi nilinyamaza. Mama amekwisha fariki. Wewe msomaji ndiwe wa kwanza kusikia.

Baada ya miaka mingi mvua nzuri ilinyesha, mto ukafurika, perege wachache wakarudi. Dimbwi letu lilikuwa na bahati, kwa sababu lilikuwa na mto wa kulirudishia mbegu. Kumbuka neno hilo, maana yule samaki wa Tanga hana bahati hiyo.

SAMAKI HUYU NI NANI?

Mwaka ule wa njaa ndio mwaka nilioingia darasa la kisomo cha watu wazima. Kwa hiyo niliporudi kutoka Tanga niliweza kutafuta magazeti na vitabu, nikasoma habari za samaki yule. Anaitwa silikanti.

Wataalamu walimfahamu silikanti kwanza kutokana na mabaki yaliyogeuka mawe. Walidhani ukoo wake uliisha kabisa miaka milioni 66 hivi iliyopita, pamoja na wale wanyama wakubwa waitwao dinosaria. Lakini mwezi Desemba mwaka 1938 meli ya uvuvi ilimpata mmoja mzima karibu na mji wa East London, Afrika Kusini. Mtunza makumbusho wa mji huo, Marjorie Courtenay-Latimer, alimwona katika rundo la samaki, akakataa atupwe. Profesa J.L.B. Smith alimtambua, akampa jina la kitaalamu la Latimeria, kwa heshima ya mama huyo.

Profesa Smith alimtafuta wa pili kwa miaka 14. Alitangaza zawadi ya pauni 100. Mwaka 1952 alipatikana katika visiwa vya Komoro. Kumbe wavuvi wa huko walimjua siku zote, wakamwita gombesa. Wataalamu walidhani hayupo, na wavuvi walikuwa wakimvua! Hapa kuna fundisho. Anayetaka kujua habari za maji na amwulize pia mvuvi.

Tangu hapo silikanti ameonekana katika Afrika Kusini, Msumbiji, Madagaska, Komoro, Kenya na Tanzania. Huko Kenya alivuliwa karibu na Malindi mwaka 2001. Kwetu Tanzania alivuliwa mwaka 2003 upande wa Kilwa, na mwaka 2004 huko Tanga. Baadaye makumi ya silikanti walivuliwa katika maji yetu. Jamaa yake wa aina nyingine anaishi Indonesia, mbali sana upande wa mashariki.

Na hapa kuna jambo litakalokufurahisha wewe mtu wa bara. Je, unamjua kamongo, yule samaki mrefu anayevuta hewa kama sisi? Anapatikana Ziwa Victoria na pia katika bonde la Malagarasi. Wataalamu wanasema kamongo na silikanti ni wa ukoo mmoja wa kale. Ukoo huo ndio uliozaa viumbe wa kwanza wenye miguu minne waliotoka majini kuja nchi kavu. Basi silikanti wa Tanga ana ndugu huku kwetu.

KWA NINI NI ADIMU?

Kwanza, silikanti hakai kila mahali. Hupenda miteremko yenye mapango chini ya bahari, mara nyingi kwenye kina cha meta 100 mpaka 300. Mchana hujificha pangoni. Usiku hutoka polepole kutafuta chakula.

Pili, hazai kama perege. Hatagi mayai majini. Mayai huanguliwa tumboni mwake, naye huzaa watoto walio hai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 unaonyesha kwamba huweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba hubeba mimba kama miaka mitano. Huanza kuzaa akiwa amepita miaka 50. Fikiri, ndugu msomaji! Ukimwua jike mmoja leo, yule wa kushika nafasi yake atakuwa tayari wakati wajukuu zako wamekwisha kuwa wazazi.

Tatu, hana mto wa kumrudishia mbegu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi linalozaliana lenyewe. Hawachanganyiki na wale wa Komoro. Kwa hiyo wa Tanga wakiisha, tusitazamie kwamba wa Komoro watakuja kujaza mahali pao.

ANAYEMWUA HAMTAKI

Huenda utauliza, "Kama samaki huyu haliwi, nani anayemmaliza?" Swali hilo nilimwuliza mtoto wa kaka. Alinieleza vizuri, nami nikaelewa.

Zamani, alisema, wavuvi walipata samaki karibu na pwani, kwenye matumbawe. Matumbawe ni ile miamba hai ambamo samaki huzaliana na kujificha. Kisha watu wengine wakaanza kuvua kwa baruti. Baruti huua samaki wote, wakubwa kwa wadogo, tena huvunja matumbawe. Samaki wa karibu wakapungua. Mvuvi wa jarife akalazimika kutega mbali zaidi na kushusha wavu kina kirefu zaidi. Huko chini ndiko anakokaa silikanti.

Basi hakuna aliyekusudia kumwua silikanti. Wavu hauchagui. Unashika unayemtaka na usiyemtaka. Hata utupa wetu ulikuwa hivyo. Sisi tulitaka kambare wakubwa tu, lakini tuliua mpaka wale wasiofika urefu wa kidole.

HIFADHI NA SHIDA YA MVUVI

Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti huko Tanga mwaka 2009. Inaanzia mlango wa mto Pangani, inakwenda kaskazini kwa kiasi cha kilometa 100, mpaka ng'ambo ya mji wa Tanga. Eneo lake ni kilometa za mraba 552, na sehemu kubwa ni bahari. Ni hifadhi ya bahari ya tatu Tanzania Bara, baada ya ile ya Mafia na ile ya ghuba ya Mnazi huko Mtwara. Pia mkataba wa mataifa unakataza biashara ya silikanti.

Uvuvi wa baruti ulikatazwa na sheria tangu mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miaka mingi. Ulipungua sana baada ya polisi na idara nyingine za Serikali kuunganisha nguvu katika miaka ya 2016 hadi 2018. Vijiji vya pwani navyo vina vikundi vya kulinda uvuvi, ambamo wavuvi wenyewe ndio walinzi. Mtu wa kijijini humtambua mwenye baruti kabla mtu wa mjini hajamwona.

Lakini nisikudanganye. Kuhifadhi kuna gharama, na gharama hiyo humwangukia mtu fulani. Mtoto wa kaka aliacha jarife la kina kirefu. Wavu ule alikuwa ameununua pamoja na wenzake wawili kwa akiba ya miaka. Akarudia mshipi. Mwaka wa kwanza watoto wake walikula mlo mmoja kwa siku. Aliniandikia, "Baba mdogo, wageni wanakuja kumwuliza silikanti hali yake. Hakuna anayekuja kuniuliza mimi."

Barua ile niliisoma mara tatu. Nilimtumia magunia mawili ya mahindi na debe la karanga. Nilijua kwamba si dawa. Lakini niliona si haki mimi niliye mbali nisifu hifadhi huku mwanangu akilala na njaa. Siku hizi anavua changu na samaki wengine kwa mshipi, na mkewe anakausha mwani. Hajatajirika. Ila ananiambia kwamba tangu baruti ilipopungua, samaki wa karibu wameanza kuonekana tena.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Anayesema, "Mvuvi, acha wavu huu," na amwambie pia atavua kwa chombo gani, na atakipata wapi. Mvuvi mwenye chakula nyumbani ndiye mlinzi wa kweli. Mvuvi mwenye njaa hawezi kulinda kitu.

NA SISI WA TABORA?

Sasa turudi nyumbani. Sisi nasi tunao samaki adimu. Yuko perege wa Malagarasi. Samaki huyu kwa asili anapatikana katika bonde la mto Malagarasi tu, na si mahali pengine popote duniani. Maji ya mto wetu wa Igombe yanaingia katika bonde hilo. Mwaka 2000 mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi yaliandikwa katika orodha ya Ramsar, ambayo ni orodha ya mataifa ya maeneo ya maji yenye thamani kubwa. Hilo lilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingia katika orodha hiyo.

Jina katika orodha halizuii utupa. Halizuii kokoro, wala chandarua cha mbu kinachotumiwa kuchota vifaranga vya samaki. Wa kuyazuia hayo ni sisi tunaoishi hapa. Nakuomba mambo manne:

Usivue kwa utupa wala sumu nyingine. Sheria inakataza, tena maji hayo hayo hunywewa na mifugo na watoto.

Chandarua ulichopewa kijikinge na mbu. Ukivua kwa chandarua unakula mbegu.

Dimbwi la kiangazi liache na samaki. Chukua wa mboga, kama alivyofanya mama yangu. Waliobaki ndio watakaojaza kijito mvua ikinyesha.

Ukimpata samaki usiyemjua, usimtupe bila kuuliza. Mwonyeshe mzee, kisha mwarifu bwana samaki. Samaki yule wa mwaka 1938 angetupwa, dunia ingechelewa kumjua.

Kaka yangu alifariki mwaka uliofuata safari yangu. Amezikwa huko huko pwani, mahali unaposikia mawimbi. Kabla sijaondoka nilimweleza habari za utupa na mgono wa mama. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Usinieleze mimi niliye kitandani. Waeleze vijana."

Ndugu msomaji, ndivyo nilivyofanya leo. Kama kijijini kwako kuna dimbwi la kiangazi, nenda ukaliangalie. Kisha jiulize lile swali la baba yangu, nasi safari hii tusicheke: Mmebakiza nini?

Wasalaam,
Mzee wa Kitete, Tabora.